Amana Mikononi mwa Mashine

Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mkononi mwa mtu mwingine. Mwenye kuipokea hapokei mali, hupokea wajibu. Akiila ni mwizi. Akiipoteza kwa kutojali ni mzembe. Na akiirudisha salama hasifiwi sana, kwa kuwa ametimiza lililompasa tu. Hayo yalijulikana tangu zamani, na hayana ugomvi. Lakini katika siku zetu limezuka swali ambalo wazee hawakuwa na haja ya kujiuliza. Je, mtu aliyepokea amana aweza kuikabidhi kwa mashine iilinde usiku na mchana, kisha yeye akalala, na bado akahesabiwa kuwa ametimiza wajibu wake? Siliulizi kwa kupenda mabishano. Naliuliza kwa sababu lilinifika, na jibu nililolitoa wakati ule, kwa vitendo wala si kwa maneno, lilikuwa baya.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwangalizi wa mkusanyiko wa sauti katika idara moja ya chuo kikuu. Zilikuwa sauti za wazee wa pwani na visiwa waliozungumza na wanafunzi wetu juu ya kazi, ndoa, mashamba, njaa, magonjwa na safari za bahari. Nyingi zilitoka katika kanda za zamani zilizogeuzwa kuwa faili za kompyuta. Nyingine zilinaswa kwa vinasa sauti vya kisasa, na hazikuwa na kanda nyuma yake. Zote pamoja zilipata saa 300. Mbele ya hazina za mataifa makubwa hicho ni kibaba tu, lakini kila saa ilikuwa na mwenyewe, na baadhi ya wenyewe walitoa maneno yao kwa sharti. Bibi mmoja alieleza habari za shamba la minazi, na jinsi lilivyogawanywa baada ya kufa kwa baba yake, akataja nani alidhulumu na nani alidhulumiwa. Alipomaliza alimwambia mwanafunzi kwamba maneno yale yasisikike mpaka wote aliowataja wawe wamezikwa. Mwanafunzi aliahidi. Ahadi ya mwanafunzi ikawa ahadi ya idara, na ahadi ya idara ikawa yangu.

Basi tulidaiwa mambo mawili: sauti zisipotee, na baadhi yake zisisikike. Mambo haya mara nyingi hayapatani, kwa maana njia rahisi ya kukinga kitu kisipotee ni kukieneza, na njia rahisi ya kukinga kitu kisisikike ni kukifungia mahali pamoja. Aliyefungia kila kitu mahali pamoja ameshirikiana na moto. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kompyuta liliteketea huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya waliokuwa na mali zao humo walitambua siku ile kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa katika eneo lile lile. Nakala inayolala chumba kimoja na asili yake si akiba. Ni mwenzi wa kufa naye.

Kuweka nakala mbali si jambo geni katika lugha yetu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na kazi za kalamu yake zimehifadhiwa London na Ujerumani hata leo. Umbali uliziokoa. Umbali huo huo uliwafanya wajukuu wa waliozitunga wahitaji safari ya kwenda Ulaya ili wazione. Nalitaja hili kwa haraka, ila lisisahauliwe: mahali pa mbali ni penye salama na ni penye ugeni pia, na anayepeleka amana mbali hana budi kufikiri jinsi itakavyorudi.

Sisi tulipata mahali pa mbali katika chuo rafiki cha mji wa bara, ambacho kilikubali kutupa nafasi katika kompyuta yake. Kijana wetu fundi wa kompyuta aliandika amri chache, akaziweka zianze zenyewe kila siku. Wiki ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyeajiri mlinzi asiyelala wala kudai mshahara. Siku ya tano akaja muuguzi wa zahanati ya chuo. Zahanati ile ilitumia njia moja ya mtandao pamoja nasi, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba, ya megabiti 2 kwa sekunde, yaani kilobaiti kama 250. Alisema kwa upole kwamba tangu asubuhi alikuwa akijaribu kupeleka picha ya kipimo cha mgonjwa katika hospitali kubwa, na picha haiendi. Tulitazama tukaona mashine yetu imeikalia njia yote. Haikuwa na ubaya moyoni, maana moyo haina. Iliambiwa ipeleke, ikapeleka kwa nguvu zake zote. Mgonjwa hakudhurika siku ile. Lakini nilijifunza kwamba mtu aweza kutimiza wajibu wake kwa waliokufa huku akiwaziba pumzi walio hai.

Njia ya mtandao ni kama njia ya mguu kati ya mashamba. Si ya mtu mmoja, na mwenye mzigo mkubwa ndiye apasaye kujibana. Kijana wetu akarekebisha amri zake. Kazi ikahamishwa ianze saa nne usiku na ikome saa kumi na mbili asubuhi, na mwendo wake ukafungwa usizidi kilobaiti 100 kwa sekunde. Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kuonyeshwa, kwa kuwa watu wengi huogopa kujibana bila ya kupima gharama yake. Kilobaiti 100 kwa sekunde, kwa saa 8, ni karibu gigabaiti 2.88. Saa moja ya sauti safi isiyobanwa, kwa kipimo cha santuri za CD, ni megabaiti zipatazo 635. Kwa hiyo usiku mmoja ulichukua saa nne na nusu za mazungumzo, na mkusanyiko wote wa saa 300, wenye gigabaiti 190 hivi, ulihitaji masiku 66. Masiku 66 si mengi kwa sauti zilizongoja miaka 40 katika makabati. Tena kama tungekuwa na haraka tungefanya wafanyavyo wenye busara: mzigo wa kwanza ungesafiri kwa basi ndani ya diski, mkononi mwa mtu, na njia ya mtandao ikaachiwa mabadiliko madogo ya kila siku.

Hayo mabadiliko madogo yana historia ya kupendeza. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, walieleza njia ambayo juu yake imejengwa programu iitwayo Rsync. Fikiri, msomaji, juu ya waandishi wawili, mmoja Lamu na mwingine Tanga, kila mmoja ana kitabu kile kile, na yule wa Lamu amerekebisha mistari michache katika nakala yake. Watalinganishaje nakala bila ya kupelekeana kitabu kizima? Yule wa Tanga hugawa kitabu chake mapande mapande, na kila pande hulipigia hesabu mbili, moja nyepesi na moja nzito, kisha hupeleka Lamu orodha ya hesabu hizo, wala si maneno yenyewe. Wa Lamu hupitisha jicho katika kitabu chake herufi kwa herufi. Akikuta sehemu ambayo hesabu yake nyepesi yafanana na iliyomo katika orodha, huithibitisha kwa ile nzito, kama vile mtu amtambuavyo mwenzake kwa mwendo kutoka mbali, kisha akamtazama uso anapokaribia. Palipofanana huandika tu: hapa weka pande lako la arobaini. Palipo tofauti ndipo hupeleka maneno. Kwa sauti zetu, ambazo hazibadiliki zikishanaswa, werevu huu haukuhitajika sana. Ilitosha kujua kwamba faili ipo, na kwamba ukubwa na tarehe yake ni vile vile. Faida kubwa tuliiona katika orodha yetu ya majina na maelezo, ambayo ilirekebishwa kila siku.

Lakini kujibana kwa kipimo kisichobadilika si sawa na kumjali jirani. Hili nililiona baadaye. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao wa nchi zetu, Tanzania ikiwa mojawapo iliyoumia sana, ukawa kama mfereji wakati wa kiangazi. Wengi walisahau kwamba kabla ya mwaka 2009, waya wa Seacom ulipofika pwani hii, tuliishi kwa setilaiti na kwa subira. Katika siku zile za Mei mashine nyingi zilizofungwa kwa kipimo kama chetu ziliendelea kuchukua fungu lao lile lile kila usiku. Kilobaiti 100 katika 250 ni adabu. Kilobaiti 100 katika 110 ni ulafi, ingawa namba haikubadilika. Mtu mwenye haya angeona njia imesonga akasimama pembeni. Mashine haina macho ya kuona haya. Zipo njia za kuipa kazi ya namna hii daraja la chini, ipishe kila mwingine anapopita, na ni bora kuliko namba iliyopigiliwa. Hata hivyo hapana budi atokee mtu anayejua kwamba jirani yupo, naye aiambie mashine.

Sasa nije kwenye siri. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri ya watu kunaswa katika mtandao wa chuo chake, Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alitunga SSH, ambayo kwayo kompyuta mbili huzungumza kwa fumbo mbele ya wasikilizaji wote, na kila moja hupata ithibati ya nani ni nani. Mizigo yetu ilipita humo, na njiani sikuwa na hofu nayo. Hofu yangu ilikuwa mwanzo wa njia na mwisho wake. Mwanzo wake, kwa sababu ya jambo ambalo si la ufundi tu: kazi inayojiendesha yenyewe huhitaji ufunguo usio na mlinzi. Mchana, mtu anapotumia ufunguo wake, huulizwa neno la siri, naye hulijibu. Saa nne usiku mwenyewe yu kitandani. Hapana wa kulijibu, basi ufunguo huachwa wazi ndani ya mashine, na yeyote atakayeiteka mashine ameuteka na ufunguo. Dawa yake ni kuupunguzia ufunguo uwezo: ufungue mlango mmoja tu, kwa amri moja tu, kutoka mahali pamoja tu. Na zaidi ya hapo, uweze kuongeza usiweze kufuta. Hili la mwisho sisi hatukulifanya. Nitalirudia.

Mwisho wa njia palikuwa na chuo rafiki. Niliwaamini wenzetu, lakini yule bibi wa shamba la minazi hakuwajua, na sharti lake hakulitoa kwao. Kwa hiyo sauti za sharti tulizisimba kwanza, zikafika kule zimefungwa kama barua yenye lakiri. Hapo tukakutana na kinyume cha ajabu. Kitu kilichosimbwa vizuri hakifanani na chochote, hata na nafsi yake ya jana. Ukibadili neno moja ndani yake na kukisimba upya, sura yote huwa ngeni, na wale waandishi wawili wa Lamu na Tanga hawaoni pande hata moja la kufanana. Siri ikala akiba ya njia. Programu za siku hizi, kama Borg na Restic, zimelitatua jambo hili kwa kubadili mpangilio: hukata mapande kwanza, zikatambua yaliyokwisha kupelekwa, ndipo zikasimba mapya tu. Lakini hazikutatua swali la ufunguo wa kufungulia, na wala haliwezi kutatuliwa na programu. Ukiuweka katika kompyuta ile ile inayolindwa, utaungua nayo. Ukiuweka pamoja na nakala, umemkabidhi mwenye nyumba sanduku na ufunguo wake. Ukiuweka kichwani mwa mtu mmoja, umeweka amana yako rehani kwa uhai wake. Sisi sasa tumeuandika katika karatasi mbili, na kila moja ina mtu wake.

Haya yote yalikuwa yakienda vema, isipokuwa upungufu niliokwisha kuutaja, na kila asubuhi nilipokea barua fupi kutoka kwa mashine ikisema kazi imekamilika bila kosa. Baada ya miezi mitatu niliziamuru barua hizo zijipange zenyewe katika jalada la pembeni, zisinisumbue.

Wakati wa likizo ndefu umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi kwa mara ya mwisho kompyuta iliamka, lakini diski ya nje iliyobeba sauti haikuamka nayo. Jalada la sauti lilikuwapo kwa jina, ndani yake hamna kitu. Saa nne usiku mashine ilianza kazi yake. Amri ilisema: kule pawe sawasawa na huku, kisichokuwako huku, kule kifutwe. Mashine ilitazama huku ikaona utupu, ikatazama kule ikaona saa 300 za sauti, ikafuta. Haikuona kosa, kwa sababu kosa halikuwapo. Jalada tupu ni jalada halali. Ikaniandikia barua kwamba kazi imekamilika. Kupeleka kulichukua masiku 66. Kufuta kulichukua dakika chache, wala hakukugusa hata chembe ya ile njia tuliyoihesabu kwa makini namna ile. Tulipofungua idara baada ya siku 19, diski ilikuwa imeharibika hata mafundi wa mjini hawakuweza kuisoma. Kanda za zamani zilikuwapo, na kwa kazi ya mwaka mzima tulizigeuza upya. Saa 41 hazikuwa na kanda.

Mjukuu wa yule bibi alikuja miaka miwili baadaye. Alikuwa mwalimu wa shule, mwenye adabu na maneno machache.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alisema ameambiwa kwamba sauti ya bibi yake iko kwetu, na kwamba palikuwa na sharti. Sharti limekwisha, akasema. Wa mwisho katika waliotajwa alizikwa mwezi wa Shaabani. Alitaka kuisikia, na kama inawezekana ahamishe nakala moja ampe mama yake. Nilimweleza kwamba sauti haipo. Sharti la kutosikika tulikuwa tumelitimiza kuliko bibi mwenyewe alivyotaka. Aliniuliza ilifutwa na nani. Nikaanza kumweleza habari za umeme, na diski, na amri ya saa nne, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mwalimu," akasema, "sikuuliza na nini. Nimeuliza na nani."

Nimelichukua swali lile nyumbani na sijalirudisha. Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kwamba ilifutwa na mashine, na jibu hilo ni la uongo kama mtu angesema kwamba mtoto aliuawa na panga. La pili ni kwamba ilifutwa na kijana aliyeandika amri. Lakini kijana aliandika nililomwomba. Maneno yangu nayakumbuka: nilitaka kule pawe sawasawa na huku. Niliagiza kioo, nami nilihitaji kumbukumbu. Kioo hukuonyesha ulivyo sasa. Ukinyolewa nacho kinakunyoa. Kumbukumbu ni kushika yale ambayo sasa imekwisha kuyaacha. Tofauti hiyo si ya ufundi, ni ya maana, na kazi ya kujua maana ya maneno ilikuwa yangu, mtu wa chuo, kabla haijawa ya fundi.

Wapo watakaosema kwamba hapa hapana mwenye hatia, pana ajali tu. Siwezi kukubali. Ajali ilikuwa kukatika kwa umeme. Yaliyofuata yalikuwa utii. Na hapo ndipo naona mzizi wa swali langu la kwanza, kwa kuwa sisi tumezoea kuchanganya utii na uaminifu. Mtii hufanya alilotumwa. Mwaminifu hufanya alilotumwa kwa ajili ya kile alichotumiwa, na kwa hiyo yaweza kutokea siku akakataa. Karani wa zamani, hata aliye mvivu, kama angeambiwa kila jioni aifanye kabati ya pili ifanane na ya kwanza, na jioni moja akaikuta ya kwanza tupu, asingechoma yaliyomo katika ya pili. Angekwenda kugonga mlango wa mtu, hata usiku wa manane. Tulipompa mashine kazi ya karani tulidhani tumepata karani asiyechoka. Tulipata mkono wa karani, bila yule mtu aliyekuwa akisita.

Kijana wetu, ambaye aliumia kuliko mimi, alinijibu kwa hoja ambayo siwezi kuidharau. Alisema: kusita nako kwaweza kuandikwa. Na kweli kwaweza. Rsync yenyewe hukubali kuambiwa isifute zaidi ya idadi fulani. Mtu aweza kuweka faili ndogo ya alama ndani ya diski, na mashine ikaamriwa isianze kazi mpaka iione. Nakala za kule zaweza kupangwa kwa tarehe, ili leo isiifute jana. Ufunguo waweza kunyimwa uwezo wa kufuta. Mashine yaweza hata kuamriwa, mara moja kwa mwezi, irudishe faili kadha kutoka kule na kulinganisha hesabu zake na za huku. Haya yote tumeyafanya, na nayasifu. Lakini nilipokaa nikayatazama niliona kwamba kila moja ni hofu ambayo mtu fulani alikuwa nayo kabla, akaiandika. Mashine huogopa yale tu ambayo sisi tulikwisha kuyaogopa. Na kila mlinzi tunayemwongeza hutuandikia barua, na barua humtaka msomaji.

Wakubwa kuliko sisi wamepita hapo. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, mhandisi alifuta kwa makosa hazina kuu ya kumbukumbu akidhani yumo katika kompyuta nyingine. Walipokimbilia akiba zao walikuta kwamba nakala za kila siku zilikuwa hazifanyiki, kwa kuwa chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo lisilolingana na hazina yenyewe, na ghala la mbali lilikuwa tupu. Barua za onyo zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa kwa kukosa uthibitisho uliotakiwa, na hapakuwa na aliyejua. Walipona kwa nakala ambayo mhandisi mmoja aliifanya kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Nawaheshimu kwa kuwa waliyaandika haya hadharani wenyewe. Methali husema akiba haiozi. Akiba ya namna hii huoza, tena kimya kimya, na harufu yake haisikiki mpaka siku ya njaa.

Wala asijifariji yeyote kwamba amana yake ni kubwa mno haiwezekani kunakiliwa. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha kompyuta za serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, na ghala la hati za watumishi wa serikali lililoitwa G-Drive, lenye terabaiti 858, likateketea. Halikuwa na nakala ya nje, na sababu iliyotolewa ilikuwa ukubwa wake. Anayesema mzigo ni mzito mno kwa njia iliyopo hajauliza bado ni pande gani la mzigo litangulie usiku wa leo.

Basi, je, wajibu waweza kukabidhiwa kwa mashine? Naona kwamba kazi yaweza kukabidhiwa karibu yote: kunakili, kusimba, kupeleka, kujibana, hata kulinganisha. Kinachobaki ni kidogo, na kwa kuwa ni kidogo ndiyo maana ni rahisi kukiacha. Kinabaki kufungua na kusikiliza. Kijana wetu haoni haja yake, maana hesabu zikifanana, sauti ni ile ile, na kwa sauti yenyewe asemalo ni kweli. Lakini hesabu zinazofanana zathibitisha kwamba faili haikubadilika. Hazithibitishi kwamba yupo mtu ajuaye ni ya nani, na sharti lake ni lipi, na ufunguo uko wapi, na nani wa kuitwa sharti likiisha. Laiti ningalikuwa nikiifungua sauti moja kutoka kule kila mwezi, ningaliligundua jalada tupu kwa haraka zaidi. Diski ningaliipoteza vile vile, na yamkini na sauti pia. Lakini ningaliweza kumwambia yule bibi, aliyekuwa hai bado wakati ule, na huenda angekubali kukaa tena mbele ya kinasa sauti. Hilo ndilo linaloniuma. Zile siku 19 si kitu. Kinachoniuma ni kwamba baada ya siku zile niliona haya, nikanyamaza mwaka mzima, naye akafa katika mwaka huo.

Mjukuu wake sasa hutuandikia mara kwa mara. Ameandika katika daftari yale anayoyakumbuka kutoka kwa bibi yake juu ya shamba lile, akatupa nakala, na hakuweka sharti lolote.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi naagiza sauti moja kutoka mji wa bara, kwa kura, ishuke kwa kilobaiti 100 kwa sekunde kama ilivyopanda, naifungua kwa ufunguo ulio katika karatasi, na naisikiliza mpaka mwisho. Inachukua asubuhi nzima, na wenzangu huniona kama mtu anayepoteza wakati. Mwezi uliopita ilitoka zamu ya fundi wa kutia kalafati majahazi, dakika 52. Katikati jogoo anawika karibu na kinasa sauti, na fundi ananyamaza, anamngoja amalize, kisha anaendelea na habari za pamba na mafuta pale pale alipoachia.